Shajara ya mradi: Kuitambua na kuithamini bunduki ya .303 ya mirathi

Bunduki iko Ohio, Marekani, kwenye mali ya marehemu, na warithi wanataka majibu mawili kabla ya kugawana: ni bunduki gani hasa, na ina thamani gani. Imekuja na karatasi yenye maneno matatu, "Enfield Mark 4, England". Kama tutakavyoona, hakuna neno hata moja kati ya hayo linaloweza kuachwa lilivyo. Gharama zote ni za dola za Marekani. Tarakimu za namba ya bunduki tumezificha kwa makusudi, na anayeweka picha mtandaoni afanye vivyo hivyo.

Kwa msomaji aliye Tanzania au Kenya: sehemu ya kutambua chapa itakufaa, ila usianze kwa bisibisi. Silaha iliyokutwa nyumbani kwa marehemu inaripotiwa polisi kwanza. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

6 Januari 2024: Kusoma chapa

Magazini imetolewa, bolti (chuma kinachosukumwa kwa mkono kufunga mtutu kwa nyuma) imefunguliwa, chemba, yaani panapokaa risasi, imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Ni tupu. Kwenye aina hii bolti haichomolewi kwa nguvu: inua kilenga cha nyuma kisimame, sogeza bolti mpaka kichwa chake kifike kwenye pengo lililokatwa kwenye reli ya kulia, kizungushe kichwa juu, kisha vuta nyuma. Kama hakuna pengo ila kuna kitufe cha kubonyeza nyuma ya reli, hiyo ni Mk I ya kawaida (Mk ni kifupi cha Mark, yaani toleo). Ya kwetu ina pengo, na pengo hilo ndilo nyota ya Mk I*.

Pengo lenyewe ndilo udhaifu wa aina hii. Ukingo wa reli karibu nalo humeguka, kichwa cha bolti kikaanza kuruka wakati wa kusukuma. Tumeukagua kwa kioo cha kukuza: umechakaa kidogo, haujameguka. Ungekuwa umemeguka, shajara hii ingekuwa fupi, kwa kuwa bei ingeshuka hadi ya vipuri.

Chapa tulizisoma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, tochi iliyolazwa ubavuni ili mwanga upige kwa mshazari, na chaki iliyosuguliwa kwenye herufi. Hatukutumia brashi ya waya wala msasa. Ukuta wa kushoto wa risiva, yaani mwili wa chuma unaobeba bolti, unasomeka LONG BRANCH, 1943, kisha namba yenye herufi L katikati. Long Branch ni kiwanda cha Small Arms Limited, kando ya Ziwa Ontario karibu na Toronto. Kwa hiyo bunduki ni ya Kanada, haikutoka kiwanda cha Enfield cha Uingereza.

Neno ENGLAND nalo lipo, limegongwa kwenye chuma cha shingo ya kitako, na ndilo lililompotosha aliyeandika ile karatasi. Halitaji kiwanda. Lilipigwa kwa ajili ya forodha ya Marekani, iliyotaka nchi ya kutoka ionekane kwenye bidhaa, wakati silaha za ziada za jeshi zilipouzwa kutoka Uingereza baada ya vita. Linaambatana na chapa nyingine kwenye mtutu: NITRO PROVED, .303, 2.222", na 18.5 TONS. Hizo ni za nyumba ya majaribio ya kibiashara ya Uingereza. Inchi 2.222 ni urefu wa ganda la risasi, na tani 18.5 kwa inchi ya mraba ni shinikizo lililoidhinishwa. Bunduki ya jeshi haikuruhusiwa kuuzwa kwa raia Uingereza bila kupita huko.

Jina la "Mark Four" limezoeleka Kenya mpaka leo, na ni jina lililopinda. Nne ni namba ya modeli: Rifle No. 4. Mark ni toleo ndani ya modeli hiyo, nalo huwa 1, 1*, 2, 1/2 au 1/3. Ukimwandikia mnunuzi "Mark 4" utakuwa umemwambia modeli tu, na bei iko kwenye toleo.

Chapa mbaya tulizozitafuta: DP (ya kufundishia gwaride, si ya kupiga), Z au ZF (imeshindikana kutengenezwa kikosini), EY (iliyotengwa kwa kurusha mabomu ya mkono). Hakuna hata moja. Tulitazama pia kama ni nakala ya mafundi wa mpakani mwa Pakistan na Afghanistan. Huko herufi N hugeuka, maneno hukosewa tahajia, na taji la VR huonekana juu ya mwaka kama 1907 ilhali malkia Victoria alifariki 1901. Herufi za bunduki hii zimenyooka.

Hitimisho la siku: No. 4 Mk I*, Long Branch, 1943. Nusu yake ni kosa. Soma ingizo la 3 Februari kabla ya kunakili.

Gharama: mafuta ya taa, chaki na tochi, dola 14.

13 Januari: Geji, kosa la kwanza

Ganda la .303 lina ukingo kitakoni, na bunduki hulishika kwa ukingo huo. Nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na sehemu ukingo unapokalia ndiyo inayoamua kama ganda litapasuka. Hupimwa kwa geji za chuma zenye unene maalumu, na lazima ziwe za risasi yenye ukingo.

Tulinunua mbili: 0.064 (bolti ifunge) na 0.067 (bolti isifunge). Bolti ilifunga juu ya zote mbili. Tukaandika "haifai kupigwa", na kwenye rasimu ya kwanza ya thamani tukakata theluthi nzima.

Kosa ni hili: 0.067 ni kikomo cha viwanda vya risasi vya Marekani kwa bunduki mpya za kibiashara. Bunduki hizi zilijengwa na kutunzwa kwa kipimo cha jeshi, kinachoanzia inchi 0.064 (milimita 1.63) na kuishia 0.074 (milimita 1.88). Iliyo katikati ni ya kawaida kabisa. Tuliagiza geji ya 0.074, na bolti ikagoma kufunga juu yake kwa kidole kimoja tu. Usisukume kwa nguvu: mkono wa bolti hukuza nguvu yako kiasi cha kukudanganya na kuharibu geji. Toa kwanza kichoma-kapsuli kama unaweza, uhisi chuma chenyewe.

Kuna maana ya kivitendo kwa mnunuzi, nayo tumeiweka kwenye maelezo ya mauzo. Bunduki iliyozidi 0.067 bila kufika 0.074 ni salama kwa ganda jipya, ila ganda litanyooka zaidi karibu na kitako, na mtu anayejaza maganda upya ataona yakikatika mapema.

Vichwa vya bolti vya No. 4 vina namba 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kuliko kilichotangulia. Tulijaribiwa kununua kikubwa zaidi ili kushusha kipimo. Tukaacha. Vipimo vya kiwandani vinapandana, kwa hiyo kichwa chenye namba 2 kinaweza kuwa kifupi kuliko chenye 1, na kubadilisha kichwa kilichokuja na bunduki ni kuondoa kitu ambacho mkusanyaji analipia.

Gharama: geji mbili dola 58, ya tatu 34. Ukianza na 0.064 na 0.074 peke yake utaokoa karibu dola 29.

20 Januari: Mtutu, kosa la pili

Ndani palionekana pameoza. Vipande vinane vya kitambaa baadaye, "kutu" ikawa ni grisi kongwe iliyokauka. Chini yake mifereji, ile iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi, ni mikali, ikiwa na weusi hafifu karibu na chemba. Risasi za zamani za .303 ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huyeyushwa na maji, si mafuta. Ndiyo maana askari walimwaga maji ya moto kabla ya kupaka mafuta, na anayepiga risasi kuukuu leo afanye hivyo hivyo.

Kisha tukasukuma tufe la madini laini ya risasi kutoka mdomoni ili kupata umbo la ndani. La kwanza liliingia kavu na likakwama sentimita kumi ndani. Lilitoka kwa fimbo ya shaba nyeupe na mafuta yaliyoachwa usiku kucha. Paka mafuta mtutu na tufe kabla, tumia fimbo laini kuliko chuma cha mtutu, na gonga kwa vipigo vifupi.

La pili lilitoka vizuri, na kalipa (kipimio chenye taya mbili) ikasoma milimita 7.84, yaani inchi 0.3087. Hapo tulishtuka. Kipenyo hicho ni cha risasi ya NATO ya 7.62, nasi tukaanza kuandika kwamba mtutu umebadilishwa. Kama ingekuwa kweli, kumwambia mtu aweke .303 humo ni hatari ya maisha.

Si kweli. Mtutu huu una mifereji mitano, na idadi isiyogawanyika kwa mbili inamaanisha kwamba kila mfereji unatazamana na tuta, yaani chuma kilichoachwa kati ya mifereji, upande wa pili. Kalipa inashika mfereji huku na tuta kule, kwa hiyo inasoma nusu ya kipenyo kikubwa pamoja na nusu ya kipenyo kidogo. Kuna maikromita yenye taya ya V kwa ajili hiyo, lakini hesabu inatosha: zidisha usomaji kwa mbili, toa kipenyo cha matuta. Kipenyo cha matuta tulikipata kwa pini ya kupimia kwa fundi, 7.70. Basi 7.84 mara mbili ni 15.68, toa 7.70, inabaki 7.98, yaani inchi 0.314. Mtutu wa .303, umechakaa kwa kiasi, uko ndani ya kawaida ya No. 4.

Hesabu mifereji kabla ya kupima. Long Branch walitengeneza pia mitutu ya mifereji miwili wakati wa vita, na hiyo kalipa huipima moja kwa moja. Mifereji miwili si kasoro wala si sababu ya kushusha bei.

Gharama: matufe dola 12, fimbo 9. Fundi tumemlipa kwa pamoja, tazama 17 Februari.

27 Januari: Vipuri tusivyohitaji

Tulidhani bunduki imechanganywa na mtu wa karakana. Kilenga cha nyuma ni kile cha skrubu ya maikromita, kilichochongwa kwa yadi 200 hadi 1,300, na hakina C yenye mshale ndani, ambayo ndiyo alama ya mali ya Kanada. Magazini ni ya Uingereza. Kitako ni cha mti mweupe wenye vitone, si wa rangi ya vitako vya Kanada. Tukaagiza kilenga na magazini vya Long Branch ili "kuirudisha".

Vimefika, vimekaa kwenye boksi wiki moja, vimerudishwa. Wauzaji walirudisha bei, usafiri haukurudi: dola 28 zimepotea. Sababu ya kuvirudisha iko hapa chini.

3 Februari: Kilichokuwa chini ya rangi

Ukuta wa kushoto una rangi nyeusi nene inayong'aa kidogo. Juu ya herufi za Long Branch kuna mikwaruzo ambayo mwanga wa tochi haukuitoa vizuri. Tukapaka dawa ya kubandua rangi kwa pamba. Herufi zimeonekana, zimeandikwa kwa kalamu ya umeme: No4 Mk1/3 (F) FTR.

Dawa hiyo pia ilitiririka na kubandua eneo la sentimita 3 kwa 2, mpaka kwenye fosfeti ya kijivu, tabaka la chini linalokinga chuma. Haliwezi kurudishwa. Huo ndio uharibifu mkubwa wa mradi mzima na umefanywa na sisi, kwa kazi ambayo haikuhitajika.

FTR ni ukarabati kamili wa kiwandani, na F ni Fazakerley, kiwanda cha serikali karibu na Liverpool. Baada ya vita, bunduki zilizochoka zilivunjwa huko, zikapewa sehemu zilizopita ukaguzi bila kujali kiwanda zilikotoka, zikatiwa fosfeti na rangi nyeusi iliyookwa. Kwa hiyo kilenga cha maikromita, magazini ya Uingereza na kitako cheupe vimekaa pamoja kihalali. Ndivyo bunduki ilivyotoka kiwandani mara ya pili. Kuvitoa na kuweka vya Long Branch kungeifanya iwe kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Na 1/3 si Mk I* tena. Kwenye Mk I na I*, kifyatulio kinaning'inia kwenye kikinga-kidole, ambacho nacho kimekazwa kwenye ubao. Ubao ukivimba kwa unyevu au kunywea kwa joto, kifyatulio kinahama na mvuto wake unabadilika. Mk 2 ilitatua hilo kwa kukitundika kifyatulio kwenye risiva yenyewe. Mk I iliyobadilishwa kwa mtindo huo ikaitwa 1/2, Mk I* ikaitwa 1/3.

Njia sahihi ya kujua, ambayo tungeitumia 6 Januari: toa skrubu za kikinga-kidole, kivute chini. Kifyatulio kikishuka nacho, ni mfumo wa zamani. Kikibaki juu, ni mfumo wa Mk 2. Dakika mbili, bisibisi yenye ncha iliyonolewa kujaa mfereji wa skrubu, dola sifuri. Hata bila kufungua kuna dalili: mwisho wa nyuma wa ubao wa mbele, kwenye mfumo wa zamani, una mkanda wa chuma, ilhali wa Mk 2 una skrubu na nati iliyopita kwa upana wa mti. Ya kwetu ina nati. Tuliipiga picha siku ya kwanza tusiielewe.

Gharama: dawa ya kubandua, dola 11. Doa limehesabiwa kwenye thamani.

17 Februari: Mbao, namba ya bolti, fundi

Mbao zimetolewa kwa mpangilio wa kawaida na kurudishwa. Hazina ufa nyuma ya risiva, sehemu ambayo ubao wa mbele hupasukia kwanza. Tahadhari moja kwa mwenye modeli ya zamani zaidi, No. 1 Mk III: huko skrubu ndefu inayoshika kitako ina ncha ya mraba iliyoshikwa ndani ya ubao wa mbele. Ukianza kwa kufungua kitako, ncha hiyo inazunguka na kuupasua ubao. Toa ubao wa mbele kwanza, daima. No. 4 haina mtego huo.

Mti haukupigwa msasa. Tulifuta kwa kitambaa chenye mafuta ghafi ya mbegu za kitani, matone yasiyozidi kijiko kwa bunduki nzima, na kukausha siku tatu. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandazwe nje vikauke, visikunjwe kwenye pipa, maana hujiwasha moto vyenyewe.

Namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti inalingana na ya risiva, lakini mwandiko ni tofauti. Kwenye bunduki isiyokarabatiwa tungeshuku mtu amegonga namba ili apandishe bei. Kwenye FTR hilo linatarajiwa: bolti iliwekwa na kupewa namba Fazakerley. Namba imekaa chini ya rangi ya zamani, si juu yake. Aliyeghushi baadaye angekata rangi.

Fundi wa silaha mwenye leseni amekagua, akarudia geji na kuandika barua: dola 60.

9 Machi: Thamani

Bei za kuombwa hatukuzitumia, kwa sababu bunduki iliyotangazwa kwa miezi minane ni ushahidi kwamba bei yake si hiyo. Tulikusanya mauzo yaliyokamilika tu. Tulizoziona ziligawanyika hivi: No. 4 zilizokatwa kuwa za uwindaji, mbao fupi na mtutu mfupi, dola 250 hadi 400. Kamili za kijeshi zenye sehemu mchanganyiko, 550 hadi 750. Long Branch zisizoguswa tangu kiwandani, zenye alama ya Kanada kila mahali, 800 hadi 1,100. Hakuna kazi ya kurudisha iliyokatwa inayolipa: mbao kamili na vifungo vyake hula tofauti yote ya bei.

Rasimu yetu ya Januari iliiweka kwenye kundi la tatu, kisha ikakata kwa "vipuri visivyo vyake" na kwa geji. Hesabu hiyo ilikosea mara tatu. Kundi sahihi ni la pili, sehemu ya juu. Namba ya bolti inalingana, mtutu ni mzuri, toleo la 1/3 ni adimu kuliko I* na lina watu wake, na hakuna jina la mwagizaji lililogongwa kwenye mtutu kama ilivyo kwa zilizoingizwa Marekani miongo ya karibuni, jambo ambalo wakusanyaji hulijali. Tumeweka dola 720, tukatoa 40 kwa doa. Dola 680 kwa mauzo ya mtu kwa mtu. Duka lililoulizwa lilitoa 425, na hilo si dhuluma: nalo lazima liuze kwa faida. Kwa bima tumeandika 750, gharama ya kupata nyingine kama hii.

Jumla ya matumizi ni dola 226. Anayerudia kwa kufuata mpangilio uliosahihishwa, bila geji ya 0.067, bila vipuri na bila dawa ya rangi, atatumia karibu 158.

Faili la warithi lina picha 22, barua ya fundi, vipimo vya geji na vya mtutu. Doa la 3 Februari liko ukurasa wa kwanza, na picha yake, na maelezo ya nani alilisababisha na kwa dawa gani.